Kabla hujampa dalali pesa: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya yametufikia kwa simu, kwa ujumbe, na mengine yameletwa na watu waliosimama mlangoni na risiti iliyokunjwa mkononi. Tumeyaacha karibu na yalivyoulizwa. Sheria za udalali hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo tunapotaja ya nchi fulani ni ili uone wenzetu wamelitatuaje jambo lile lile. Kesi yako itaamuliwa kwa sheria ya mahali nyumba ilipo.

Dalali, wakala wa nyumba, mthamini, meneja wa nyumba: si watu wale wale?

Dalali ni mtu wa kati. Anamkutanisha mwenye mali na anayeitaka, na analipwa wakikubaliana. Wenye ofisi na kibao mlangoni hupenda kuitwa mawakala kwa sababu neno dalali limechafuka, lakini kazi ni ile ile na wajibu ni ule ule. Mthamini hupima thamani ya mali, na malipo yake hayategemei nyumba kuuzwa. Ndiyo maana benki humsikiliza yeye. Meneja wa nyumba hukusanya kodi na kushughulika na mabomba yaliyoziba. Mwanasheria hupekua hati na kuandika mkataba wa mauziano.

Ukimwona mtu mmoja anakuonyesha nyumba asubuhi, anakutajia thamani yake mchana, na jioni anakuandikia mkataba, jiulize nani amebaki wa kumkagua.

Nikimwendea dalali kutafuta nyumba, si anakuwa ananifanyia kazi mimi?

Kwa kawaida hapana, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Dalali ana deni la uaminifu kwa yule aliyempa kazi, na mara nyingi huyo ni mwenye nyumba. Kwako wewe mnunuzi au mpangaji, dalali ana wajibu wa kutokudanganya, wa kutokuficha jambo kubwa, na wa kutochezea pesa yako. Hana wajibu wa kukupunguzia bei. Kwa hiyo ukimwambia, "Mwisho wangu ni milioni 110, lakini nitajie 95 kwanza," umeshamaliza mazungumzo kabla hayajaanza. Ile 110 mwenye nyumba ataisikia kabla hujafika kwako, na kusema kweli dalali akimficha bosi wake habari hiyo, yeye ndiye atakuwa amekosea.

Nchi zimehangaika na jambo hili kwa njia tofauti. Singapore inamkataza wakala mmoja kuwakilisha pande zote mbili katika dili moja. Marekani, wanunuzi wengi kwa miaka walidhani wakala "wao" ni wa bure kwa sababu malipo yake yalitoka upande wa muuzaji, wakati gharama hiyo ilikuwa ndani ya bei ya nyumba. Baada ya kesi ndefu, chama kikubwa cha mawakala wa huko, kilichoanzishwa Chicago mwaka 1908, kilikubali mwaka 2024 kulipa dola milioni 418. Tangu tarehe 17 Agosti mwaka huo wanachama wake wanaomhudumia mnunuzi hutakiwa kusaini naye makubaliano ya maandishi, yanayotaja malipo, kabla ya kumwingiza kwenye nyumba ya kwanza.

Swali la kumuuliza dalali yeyote ni moja, na liulize kabla hujavua viatu: "Katika jambo hili, nani anakulipa?" Akianza kuzunguka, umeshapata jibu.

Basi mimi mwenye nyumba niko salama, maana dalali ni wangu?

Ni wako, ila hesabu yake si yako. Chukua nyumba ya milioni 100 na kamisheni ya asilimia 2. Mteja ametoa milioni 100 leo. Ukisubiri mwezi mmoja huenda akaja wa milioni 105. Kwako hiyo ni milioni 4 na laki 9 zaidi. Kwa dalali ni laki 1, tena kwa mwezi mzima wa kuonyesha nyumba, kupokea simu na kubembeleza wateja. Kwa nini asikwambie "chukua hii, soko limelala"?

Jambo hili limepimwa. Wanauchumi Steven Levitt na Chad Syverson walilinganisha mauzo ya nyumba za kawaida na mauzo ya nyumba za mawakala wenyewe katika eneo la Chicago, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Wakala alipouza nyumba yake mwenyewe, aliiacha sokoni siku 9 na nusu zaidi na kuiuza kwa karibu asilimia 3.7 zaidi ya nyumba zinazofanana nayo. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Ni subira tu, ambayo mtu huwa nayo kwa mali yake.

Ndiyo maana maadili ya kazi hii yanasisitiza kwamba kila ofa ifikishwe kwa mwenye nyumba, upesi na kwa maandishi, hata ile ambayo dalali anaiona ya kipuuzi. Mdai orodha ya ofa zote, na tarehe zake.

Lazima awe na leseni?

Inategemea nchi, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba tangu 1984, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili. Asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita wakala wala kufanya kazi hiyo. Ireland iliunda mamlaka ya kusimamia huduma za mali mwaka 2012. Ghana ilipitisha sheria yake mwaka 2020. Afrika Kusini sheria mpya ilianza kazi tarehe 1 Februari 2022, na ina meno: dalali asiye na cheti halali cha mfuko wa fidia hana haki ya kudai kamisheni, hata kama nyumba ameiuza yeye. Napenda kanuni hiyo kuliko faini, kwa sababu inampiga mtu pale pale anapofuatia.

Uingereza nayo ni kichekesho cha aina yake. Sheria yake ya mawakala wa nyumba ni ya 1979, na ndani yake kuna kifungu cha 22 kinachoruhusu kuweka viwango vya chini vya ujuzi. Kifungu hicho kilikaa kitabuni miaka nenda rudi bila kuanza kutumika. Matokeo yake mtu aliweza kufungua ofisi ya kuuza nyumba bila mtihani wowote, na serikali ikamfungia baada tu ya kuharibu. Mwaka 2019 kamati iliyoongozwa na Lord Best ilipendekeza leseni na elimu ya lazima.

Leseni yenye maana hubeba mambo kadhaa nyuma yake: mtihani, mafunzo ya kurudia kila baada ya muda, bima ya kufidia makosa ya kitaaluma, akaunti tofauti ya pesa za wateja, na mahali pa kulalamika. Leseni isiyo na hayo ni karatasi ya kutundika ukutani tu.

Amenionyesha leseni. Nitajuaje si ya kughushi?

Kwanza isome. Mara nyingi unachoonyeshwa ni leseni ya biashara, ile ile anayopewa mwenye kinyozi. Inathibitisha kwamba amelipa ada ya kufungua mlango, haisemi lolote kuhusu udalali.

Pili, usiikague leseni kwa kuitazama, ikague kwa msajili. Bodi nyingi zina rejista ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta kwa jina au namba. Singapore hata namba ya simu ya wakala imeandikwa humo, hivyo ukipigiwa na mtu unaiweka namba na kuona kama ndiye. Tatu, linganisha majina matatu: la kwenye rejista, la kwenye kitambulisho, na la akaunti unayoambiwa utumie pesa. Yakitofautiana, simama hapo. "Hiyo ni namba ya shemeji, yangu ina tatizo" ni sentensi niliyoisikia kwa watu wengi mno waliolizwa.

Dalali anataka hela ya kuonyesha nyumba. Ni halali?

Kwingine hakuna sheria inayomkataza, kwingine ni kosa. England ilipiga marufuku ada hiyo kwa wapangaji tangu tarehe 1 Juni 2019. Ujerumani mwaka 2015 iliweka kanuni rahisi kwa nyumba za kupanga: aliyemwita dalali ndiye anayemlipa.

Maoni yetu ni kwamba ada hii inaharibu kazi yenyewe. Dalali anayelipwa kwa kuonyesha hana haraka ya kukupatia nyumba, maana mteja asiyepata atalipa tena kesho. Utazungushwa: moja imefungwa na mwenye funguo "yuko njiani", ya pili ilishachukuliwa juzi, ya tatu ina vyumba viwili na wewe ulisema vitatu. Jua limezama, hela imeliwa, na hakuna uongo hata mmoja unaoweza kuuthibitisha. Kama mahali ulipo ndiyo desturi na huwezi kuikwepa, angalau kubaliana kwamba unalipa mara moja kwa nyumba zote atakazokuonyesha, na kwamba ukipanga kupitia kwake hela hiyo inakatwa kwenye kamisheni.

Nimeambiwa nilipe pesa ya kushikia nyumba ili asipewe mwingine. Nilipe?

Swali hili ndilo linalotuletea watu wengi wenye machozi, kwa hiyo vumilia jibu refu.

Niliwahi kufanya kazi katika ofisi ya madalali kabla ya kuhamia upande huu. Ijumaa moja jioni nilifungua droo ya meza kutafuta stepla, nikakuta bahasha tano za kaki zimefungwa kwa mpira. Kila moja ilikuwa na jina la mtu kwa kalamu ya bluu, na chini ya kila jina namba ya nyumba. Namba ilikuwa moja. Watu watano walikuwa wameshikia nyumba ile ile, na kila mmoja alikuwa amelala usiku ule akijua amepata. Bosi aliuita mtindo huo "kupima uzito wa wateja". Jumatatu mmoja akapewa funguo. Wengine wakaambiwa wasubiri, mwenye nyumba ana nyingine inamaliziwa. Alhamisi akaja mama mmoja, mtoto mgongoni, anataka pesa yake. Ilikuwa imeshalipa kodi ya ofisi.

Usifikiri ni mambo ya siku hizi tu au ya mahali pamoja. Katika miaka ya 1970 kesi ya Sorrell dhidi ya Finch ilifika kwa majaji wa Baraza la Mabwana huko Uingereza, ambalo lilikuwa mahakama ya juu kabisa. Wakala alipokea arbuni kutoka kwa watu kadhaa kwa nyumba moja, kisha akatoweka nazo. Mnunuzi mmoja akamshtaki mwenye nyumba, kwa hoja kwamba wakala alikuwa wake. Majaji wakasema hapana. Kumpa wakala kazi ya kutafuta mnunuzi hakumaanishi umemruhusu kupokea arbuni kwa niaba yako. Hasara ikamwangukia aliyelipa. Sheria ya 1979 niliyoitaja juu iliyafuata hayo, ikataka pesa za wateja ziwekwe kwenye akaunti ya peke yake na zihesabiwe kuwa dhamana, si mali ya ofisi.

Hapo ndipo penye siri ya ulinzi wote katika biashara hii: pesa iko katika akaunti ya nani. Singapore walikata mzizi wenyewe. Wakala haruhusiwi kushika pesa ya mauziano kabisa. Mnunuzi anamlipa muuzaji moja kwa moja au kupitia wanasheria. England kwa wapangaji wameweka kikomo: pesa ya kushikia isizidi kodi ya wiki moja, na mwenye nyumba akijitoa irudishwe ndani ya siku 7.

Ukiona ni lazima ulipe, basi usilipe kwa fedha taslimu, na risiti iseme zaidi ya "nimepokea". Iandikwe hivi au kwa maneno yanayokaribia: "Nimepokea kiasi hiki, kwa idhini ya mwenye nyumba fulani, kushikia nyumba fulani hadi tarehe fulani. Katika muda huo nyumba haitashikiwa mtu mwingine. Mwenye nyumba akijitoa, pesa yote itarudishwa ndani ya siku 7. Mteja akijitoa, itakatwa kiasi hiki." Mpe dalali kalamu uone. Mwaminifu atasaini huku akilalamika kwamba unamchelewesha. Yule wa bahasha tano atakumbuka ana mteja mwingine mahali.

"Kuna mtu anakuja kulipa saa nane." Nimwamini?

Huenda kweli yupo. Mwombe dalali akupigie saa tisa.

Mkataba unasema nimempa "haki ya pekee ya kuuza". Kuna ubaya gani?

Maneno mawili yanafanana na yanagharimu tofauti. Ukimfanya mtu kuwa wakala wako pekee, unaahidi kutotumia dalali mwingine katika kipindi hicho. Lakini jirani yako akigonga mlango akanunua, hudaiwi kamisheni. Ukimpa haki ya pekee ya kuuza, nyumba ikiuzwa kwa njia yoyote ile katika kipindi hicho, hata kwa binamu yako mliyeongea msibani, dalali analipwa. Uingereza kanuni za 1991 zinamlazimu wakala anayetumia maneno haya kuyaeleza kwa maandishi kabla mteja hajafungwa nayo, kwa sababu watu walikuwa wanasaini bila kujua.

Angalia pia muda. Mkataba usio na tarehe ya mwisho ni ndoa, na unaokutaka utoe notisi ya miezi mitatu ndipo uachane nao haupishani nayo sana. Wiki nane hadi kumi na mbili zinamtosha dalali kuonyesha kama anaweza kazi.

Madalali wawili wananidai kamisheni kwa mnunuzi mmoja. Nilipe wote?

Yawezekana ukajikuta huko kama mikataba imeandikwa vibaya, lakini usikimbilie kulipa. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ya England iliamua kesi ya namna hii. Kampuni ya kwanza ilimwonyesha mama mmoja nyumba, hakuvutiwa, akaenda zake. Baadaye kampuni ya pili ikamrudisha kwenye nyumba ile ile, safari hii akanunua. Ya kwanza ikadai kwamba ndiyo "iliyomtambulisha mnunuzi". Majaji wakasema kumwonyesha mtu nyumba si sawa na kumfikisha kwenye kununua. Kamisheni inamfuata yule ambaye kazi yake ilizaa mauzo.

Hiyo ni hukumu ya huko na inategemea maneno ya mkataba. Kwako, dawa ni kuweka daftari: nani alimleta nani, tarehe gani. Na unapomwacha dalali, mwambie akupe kwa maandishi orodha ya wateja aliowaleta. Asiyekuwamo humo asije akawa wake miezi sita baadaye.

Nikibadili nia nikaamua kutouza, dalali anadai?

Kama mkataba unasema analipwa mauzo yakikamilika, na hayakukamilika, msimamo wa zamani ni kwamba hadai. Uliwekwa na Baraza la Mabwana mwaka 1941, katika kesi ambayo wakala alikuwa ameshapata wanunuzi walio tayari na wenye nyumba wakageuka. Dalali alibeba bahati nasibu yake mwenyewe: kamisheni kubwa akifaulu, patupu akishindwa. Lakini mikataba ya siku hizi mingi imeandikwa ili kuziba mwanya huo, kwa maneno kama "mnunuzi aliye tayari, anayetaka na anayeweza". Ukiyaona, jua kwamba unaweza kudaiwa bila kuuza.

Nimehamia, mvua ya kwanza paa linavuja, na dalali alijua. Nina haki gani?

Kuna daraja tatu za kosa, na inafaa ujue lako ni lipi. Kama ulimuuliza "paa linavuja?" akasema halivuji naye anajua linavuja, huo ni udanganyifu, na sheria za karibu nchi zote zinakupa njia ya kudai fidia au kuvunja mkataba. Kama hukuuliza naye akanyamaza, inategemea: sheria za zamani zilimwachia mnunuzi afungue macho yake mwenyewe, za sasa zinazomlinda mlaji huhesabu kuficha jambo la msingi kuwa kosa sawa na kudanganya. Na kama dalali naye hakujua, kesi yako ni ya mwenye nyumba.

Afrika Kusini wamelifanya lisiwe suala la nani alisema nini. Dalali haruhusiwi kupokea kazi ya kuuza au kupangisha nyumba mpaka mwenye mali ajaze na kusaini fomu ya kasoro za nyumba, na fomu hiyo inaambatanishwa na mkataba. Nchi yako haina fomu? Iandike mwenyewe. Paa, maji, umeme, majitaka, nyufa, mgogoro wa mpaka, deni la benki juu ya hati, mtu mwingine anayeishi humo. Mtumie dalali kama ujumbe, si kwa simu, na umwombe ajibu moja moja. Majibu yake yatakusaidia kuliko kumbukumbu yako. Na kwa deni na mgogoro usitegemee majibu peke yake: peleka mtu akapekue rejista ya ardhi, tena upekuzi wa wiki hii, si nakala ya mwaka jana aliyonayo dalali kwenye mkoba.

Dalali anaweza kuninunulia nyumba yangu yeye mwenyewe?

Anaweza, akisema wazi kabla. Kosa ni kuficha. Sheria ya Uingereza ya 1979 inamtaka wakala aeleze maslahi yake binafsi au ya watu wake wa karibu kabla mazungumzo hayajaanza, na kanuni za maadili za nchi nyingi zinasema hivyo hivyo. Sura yake ya mtaani tunaijua sote: cha juu. Wewe umesema 80, mnunuzi amelipa 95, katikati hakuna aliyeona karatasi ya mwenzake. Au nyumba inanunuliwa na "mteja" ambaye ni kaka wa dalali, na baada ya miezi miwili imeuzwa tena kwa bei ambayo ungeipata wewe.

Kinga yake ni ndogo mno hata watu huipuuza. Muuzaji na mnunuzi waonane ana kwa ana, angalau siku ya kusaini, na bei isomwe kwa sauti. Dalali anayezuia nyie kuonana hadi mwisho ana sababu.

Anataka nakala ya kitambulisho changu na kujua pesa imetoka wapi. Hiyo inamhusu nini?

Inamhusu. Mapendekezo ya kimataifa ya kupambana na utakatishaji wa fedha yanawaweka mawakala wa nyumba kwenye orodha ya wanaotakiwa kumtambua mteja na kutoa taarifa za miamala ya mashaka, kwa sababu nyumba ni mahali pazuri pa kuficha pesa chafu. Unaweza kumuuliza atakitunza wapi kitambulisho chako. Ukikikuta kwenye kundi la ujumbe la madalali, hilo ni lalamiko jingine.

Tangazo la mtandaoni lina picha nzuri na bei ya chini. Kuna namna ya kujua ni la uongo?

Itafute picha yenyewe mtandaoni. Ya wizi mara nyingi itatokea kwenye tangazo jingine, mji mwingine, hata nchi nyingine. Kisha omba video fupi ya siku hiyo, mtu akifungua bomba la jikoni. Tapeli hana funguo.

Lipo pia tangazo la chambo, ambalo nyumba yake ni ya kweli lakini ilichukuliwa zamani. Linabaki hewani ili simu ziendelee kuingia. Dalali mwenye heshima yake huliondoa siku ile ile.

Dalali amesema mwenye nyumba hataki watu wa dini yetu. Analaumiwa nani?

Wote wawili, pale ambapo sheria inakataza ubaguzi. Marekani sheria ya makazi ya haki ya 1968 iligusa mawakala moja kwa moja, maana wao ndio waliokuwa wakiwapeleka watu mitaa fulani na kuwaepusha na mingine bila kusema neno. "Nimetumwa" si utetezi. Maadili ya kazi yanamtaka dalali aikatae kazi yenye sharti kama hilo, na anayeikataa kwa kweli huwa anapoteza kamisheni, tusijifanye hatuoni.

Amana yangu ya upangaji imekatwa yote "kwa usafi". Nifanyeje?

Ulitakiwa kuanza siku ya kuingia, kwa picha za kila chumba zenye tarehe na orodha iliyosainiwa na pande zote: ufa huu ulikuwepo, mlango huu haufungi. Bila hiyo ni neno lako na lake. Ukiwa nayo, dai mchanganuo wa makato na risiti za fundi. Uchakavu wa kawaida, kama rangi iliyofifia kwa jua, haukatwi kwa mpangaji. England na Wales tangu Aprili 2007 amana lazima iwekwe kwenye mpango maalumu wa kuilinda, na mwenye nyumba asiyefanya hivyo anaweza kuamriwa kulipa hadi mara tatu ya amana yenyewe.

Nataka kulalamika. Nianzie wapi?

Anza kwa ofisi yake, kwa maandishi, hata kama una uhakika hawatakujibu. Kila chombo cha juu kitakuuliza kama ulifanya hivyo. Eleza kilichotokea kwa tarehe, ambatanisha karatasi, na useme unataka nini: pesa, msamaha, marekebisho. Barua yenye matusi huishia kusomwa kwa ajili ya matusi.

Wasipokujibu, nenda kwa bodi ya usajili kama ipo, na kwa tume ya ushindani au ya kumlinda mlaji. Bodi inaweza kumfungia mtu, lakini mara nyingi haiwezi kukurudishia pesa; hilo ni la mahakama ndogo ya madai au msuluhishi. Uingereza kila wakala wa kuuza nyumba za makazi analazimika tangu 2008 kujiunga na mpango wa usuluhishi. Unaipa ofisi wiki nane, kisha unapeleka kesi bure, na mmoja wa wasuluhishi hao, aliyeanza kazi mwaka 1990, anaweza kuamuru fidia ya hadi pauni 25,000.

Kama kuna sahihi ya kughushi, hati ya bandia au nyumba iliyouzwa mara mbili, usipoteze wiki kwa barua. Hiyo ni jinai.

Nimelipa jana, leo simu yake haipatikani. Nifanye nini sasa hivi?

Piga simu kwa benki au kampuni ya pesa za simu uombe muamala uzuiwe; kila saa inayopita inapunguza uwezekano. Usifute mazungumzo, yapige picha yote pamoja na namba yake na picha yake ya wasifu kabla hajazibadili. Nenda polisi uchukue namba ya taarifa, maana benki wataiomba. Halafu mtafute mwenye nyumba halisi, kwa majirani au kwa rejista ya ardhi, umweleze. Mara nyingi yeye naye hajui kwamba nyumba yake inapangishwa.

Na usimtumie dalali ujumbe wa kumtishia. Mtumie wa kawaida, "Kaka, naomba kujua funguo nitazipata lini," na uache simu ikiwa wazi. Wengine hujibu.